Mishono Mitatu ya Bluu

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza ninachokikumbuka cha siku ile ni mishono mitatu ya bluu kwenye pindo la bango. Mitatu tu, midogo kama mbegu za ufuta. Moshi wa mabomu ya machozi ulikuwa unawasha macho, watu wanapiga kelele, na mimi natazama pindo.

Mishono ile ilikuwa alama ya Fundi Pini. Kila alichokishona alikiwekea alama hiyo ndani ya pindo, isionekane. Leo tunamkumbuka yeye. Fundi Pini, fundi cherehani, aliyeuawa kwenye maandamano ya kudai kura. Hakuuawa na polisi. Aliuawa na waandamanaji wenzake.

Tulimwita Pini kwa sababu alizibana pini midomoni na kuongea nazo hivyo hivyo. Mteja akilalamika suruali inambana, anajibiwa: "Suruali haina kosa, ndugu yangu. Liulize tumbo." Mimi alinipokea nimeachia shule darasa la tano, siongei na mtu. Hakunilazimisha. Alinipa sindano. "Anza na pindo, binti yangu. Pindo halina maneno mengi."

Bango lile alilishona bure. Kitambaa cheupe, herufi nyekundu: RUDISHENI KURA ZETU. Herufi nilizikata mimi. Fito mbili za kulibebea alizipiga msasa mpaka zikawa laini. "Zisije zikachoma watu mikono," alisema.

Sasa, mkubwa aliyetangazwa mshindi alikuwa wa dini ya Fundi. Waandamanaji wengi walikuwa wa dini yangu mimi. Mkewe alinisimulia juzi, tumekaa jikoni kwake: "Nilimwambia, baba watoto, leo kofia iache nyumbani. Akacheka. Akasema, 'Kofia nitaivua, mama watoto, jina je, nitalivulia wapi?'" Akatoka nayo.

Polisi walitusukuma mpaka mtaa wa mafundi viatu. Watu walikuwa na hasira, na wenye bunduki hawawawezi. Ndipo jicho la kijana mmoja likaangukia kofia.

"We mzee, umekuja kutupeleleza?"

"Nimekuja kama wewe. Kura yangu nayo imeibwa."

"Ulimpigia nani? Si huyo wa dini yenu?"

"Nilimpigia wa kwako, kijana."

"Mwongo! Hawa wote lao moja!"

Kofi la kwanza likaiangusha kofia. Ikakanyagwa. Wakazichomoa fito kwenye bango, kitambaa kikanibakia mikononi. Wakampiga kwa fito zile zile alizozipiga msasa. Magoti kwanza. Halafu mikono aliyojikingia. Nilisikia vidole vinavunjika, vidole vya fundi. Akapaza sauti: "Bango hilo nimelishona mimi! Muulizeni binti yangu yule!"

Mmoja akanigeukia, ufito unachuruzika damu. "Dada, unamjua huyu?"

Mishono mitatu ilikuwa chini ya kidole gumba changu. Shati la Fundi nalo lilikuwa nayo, mitatu, ya bluu. Ningegeuza pindo tu, wangeona. Lakini walikuwa wengi, na walikuwa watu wa dini yangu.

Sikusema kitu.

"Dada hata hamjui," akawaambia wenzake. Wakamrudia. Pigo la mwisho lilikuwa la kichwani.

Kwa mkewe, kwa watoto wake watatu, kwa wadogo zake: poleni sana. Pole ni neno dogo, najua. Nanyi mnaonisikiliza, mkiwa jikoni, mkiwa kazini, siku mkono utakapotaka kuinuka juu ya mtu kwa jinsi anavyosali, muulizeni kwanza amekuja kudai nini. Kisha msikilizeni akijibu.

Mara nyingi mnanilalamikia kwamba sauti yangu ni ndogo, niisogelee maikrofoni. Haya, nimesogea. Yule mwenye ufito aliniuliza swali, na sijamjibu mpaka leo. Hata mke wa Fundi hajui kwamba niliulizwa. Mama, nisikilize. Namjibu sasa.

Namjua. Ni Fundi Pini. Bango ni lake. Mwacheni.