Minyoo wa Nyumba ya Vioo

Kijiwe cha stesheni ya Same kina benchi moja tu, na hilo benchi ni taruma la reli lililochoka kubeba treni likahamishiwa kazi nyepesi ya kubeba wavivu. Upepo wa tambarare humwaga vumbi katika kila kikombe, na Swalehe muuza kahawa huliita sukari. Asubuhi hiyo Tumainieli alikaa pembeni. Alikuwa amerudi kutoka Makerere na diploma ya kilimo, na serikali ya Malkia ikampokea kwa heshima zote: no vacancy, nafasi hakuna. Kijiwe ndicho kilichompa cheo, kikamwita Profesa. Lakini Mungu si Athumani. Bwana Shamba, Mzungu, alikuwa amejenga nyumba ya vioo nyuma ya boma ili awafundishe Wapare kulima, watu waliokuwa wakikinga maji kwenye ndiva zao, mabwawa ya mlimani, kabla babu yake hajashika jembe. Nyanya zikanyauka zote. Zilipong'olewa, mizizi ilikuwa imevimba vinundu kama shanga: minyoo wa udongoni. Tumainieli akasema atawaua kwa taka. Bwana Shamba akamwambia, jaribu. Miche mipya ikisimama, kazi ni yako. Isiposimama, rudi Ugweno ukamsaidie mama yako migomba. Basi jana baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, likalia, watu wakaja na mizigo, taka zikafukiwa matutani, zikamwagiwa maji na kufunikwa magunia.

— Shikamoo, Mzee Sigino.

— Marahaba, Profesa. Mbona umekauka kama makande ya juzi? — Mzee Melkizedeki alishika bendera ya reli mpaka akastaafu, na jina la Sigino halikustaafu naye. — Hebu nieleze tena. Hao minyoo unawauaje bila dawa?

— Kwa uozo, Mzee. Taka zikioza kwenye udongo wenye maji, udongo unachemka, hewa inakuwa kali, na wanazaliana vijidudu wengine wanaowala minyoo. Simple biology.

— Yaani unawaua kwa harufu, — akadakia Aminiel. Huyu aliwahi kuitwa barazani kwa kesi ya mfereji, akashindwa, na tangu siku hiyo anamhukumu kila apitaye. Ndiyo maana anaitwa Jaji. — Kumbe shemeji yangu wa Chome angeajiriwa zamani.

— Cheka tu, Bwana Jaji. Ignorance is bliss.

— Usinitukane kwa lugha ya wenzio. Tukana kwa Kipare, nijibu.

Sigino alipuliza kahawa yake.

— Minyoo wenyewe wamekuja na treni. Mimi nimewaona wakishuka.

— Umewaonaje, Mzee? Hawaonekani kwa macho!

— Ndiyo maana hawakukata tiketi.

— Uongo, — alisema Jaji. — Minyoo ni serikali. Si tuliigomea kodi ya mbiru, tukajaa hapa hapa Same mpaka boma likakosa usingizi? Wakashindwa kutoza kodi juu, wameteremka kuikusanya mizizini. Mkuki kwa nguruwe!

— Mbona wameanza na nyanya za Mzungu?

— Nawe! Mganga hajigangi.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Itaingia tu, haraka ya nini?

Swalehe aliinamisha dele, akamjazia Tumainieli kikombe.

— Mimi imani yangu iko kwenye machicha ya kahawa, niliyoyaleta jana debe zima. Mnyoo akiyaonja hatalala. Asiyelala hazai.

— Wewe hulali, na una watoto wa kujaza behewa.

Benchi likacheka mpaka likayumba. Hata Tumainieli alicheka. Kwa mara ya kwanza tangu arudi aliwaonea huruma hawa wazee kuliko kuwaonea hasira. Kwani jana nani alikuja mikono mitupu? Hakuna. Kwenye msaragambo mtu haji mikono mitupu. Akija, atatozwa mbuzi, na mbaya zaidi atatungiwa wimbo. Yeye mwenyewe alisimama mlangoni akipokea mizigo, au tuseme akihutubia: "Anything that rots, gentlemen! Kila kinachooza!" Magunia yalipita kwapani mwake moja moja, naye yuko kwenye aya ya pili ya hotuba.

— Ila nawashukuru, — alisema. — Mzee Sigino alileta gunia limeshiba kweli.

— Limeshiba! Nililishindilia kwa mguu.

— Samadi ya mbuzi?

— Mbuzi ninaye? Ningekuwa na mbuzi ningeogopa kutozwa mbuzi?

— Sasa lilikuwa la nini?

— La kuoza. Si ndivyo ulivyosema?

Jaji alikohoa, akatazama milima ya Pare kana kwamba imemwita.

Ndipo akatokea mtu mgeni, amevaa kanzu nyeupe ya jikoni, kiberiti mkononi. Alikuwa Rogathe, mpishi mpya wa Bwana Shamba, hata wiki hajamaliza.

— Hamjambo, wazee. Samahani. Bwana kanituma nikaichome ile miche iliyong'olewa, yenye ugonjwa. Anasema mizizi yake ndiyo nyumba ya minyoo, usibaki hata mmoja. Kanielekeza nyuma ya nyumba ya vioo. Nimezunguka mara mbili, pamefagiliwa peupe. Imekwenda wapi?

Sigino alizama ndani ya kikombe kisichokuwa na kitu. Jaji, aliyekuwa na hukumu kwa kila jambo chini ya jua, alikuwa akihesabu mabehewa ya treni ambayo haijafika.

— Bwana Jaji, — Tumainieli aliita taratibu. — Wewe jana ulileta nini?

— Majani majani.

— Ya wapi?

— Ya karibu. — Jaji akashusha sauti. — Baragumu lilitukuta njiani, Profesa. Mikono mitupu. Tungefanyaje? Na pale nyuma palikuwa na lundo zima, bure, limeanza kuoza lenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Upande wa boma, Land Rover ya Bwana Shamba ilinguruma, ikageuka kuelekea nyumba ya vioo.

— Basi, wazee wangu, — alisema Rogathe, akikitikisa kiberiti chake — nimwambie Bwana nini?

Swalehe aliinamisha dele. Halikutoa hata tone.

— Profesa, — Sigino alimgusa bega kwa upole — hili mwambie wewe. Kwa Kiingereza litakuwa dogo.

Tumainieli alifumbua kinywa. Kiingereza chote cha Makerere kilikaa ndani, kikagoma kutoka.