Mama Fina na Neno Alilotuachia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mukiwa hapa Goma, Katindo, Keshero au Mabanga, munalijua neno "fina". Kijana akipita na wasichana wakamgeukia, wenzake husema: ana fina. Mwenye fina akifungua mdomo, watu wanalainika. Leo nataka mujue neno hilo lilitoka wapi, maana mwenye neno tulimzika Jumamosi.

Alikuwa Mama Séraphine, muuza kabichi wa Mabanga, mzaliwa wa milima ya Masisi. Nyumbani walimkatia jina, wakamwita Fina.

Ilikuwa wakati wa vita vya 2012. Mama Fina na mwanawe Guylain walikuwa wanatoka Sake. Guylain alisukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa kabichi. Kwenye kizuizi cha barabarani, watu wenye bunduki wakamshika Guylain akawabebee risasi. Walioshikwa hivyo, wengi hawakurudi. Wasukuma chukudu wenzake walisimama pale, wamenyamaza. Hata mimi ningenyamaza.

Mama Fina alimwendea mkubwa wa wale wenye bunduki. Akamuuliza: "Mutoto yangu, mama yako anakuita jina gani ku nyumba?"

 Yule mtu akajibu: "Kahindo."

Kwa Wanande, wasikilizaji, mvulana huitwa Kahindo akizaliwa baada ya wasichana tu. Mama Fina alilijua hilo, maana sokoni alikaa na Wanande. Akamwambia: "Aa, Kahindo! Mama yako alizaa mabinti tu, akakungojea wewe. Na mimi niko nangojea huyu mumoja."

Guylain aliachiliwa. Kabichi zilibaki.

Wasukuma chukudu walifika mjini wakisema: ukitaka kupita kizuizi kile, uwe na fina. Vijana wakalidaka neno, wakalipeleka kwa wasichana. Clarisse, binti wa Mama Fina, aliniambia: "Akisikia banasema vile, mama alikuwa anakasirika kidogo. Anasema: mimi siku ile sikuwa na uzuri wowote. Nilikuwa natetemeka."

Vita vilirudi. Bomu liliangukia ua wao mchana, Mama Fina akianika maharagi, likamuua. Clarisse alilia mbele yangu: "Bomu, utaiuliza mama yake nani?" 

Guylain, Clarisse na ukoo wote, poleni sana. Mungu ampokee mama yetu. Nanyi munaosema fina kila siku, leo mutazame mtu munayemuogopa, mufikiri kwamba naye ana mama aliyempa jina.

Kaburini, Guylain alituomba kila mmoja, akimwaga udongo, ataje jina analoitwa na mama yake. Tulitaja mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mwanamume aliyesimama peke yake, kofia mkononi. Alisema polepole: "Kahindo." Goma ina kina Kahindo wengi. Guylain alimtazama sana. Kisha akasogea, akampa nafasi, wakafukia kaburi pamoja.