Mma Seribe na Viraka vya Wadi ya Wanaume

Ijumaa, tarehe 28 Novemba, Mma Tshenolo Seribe ataifunika cherehani yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kufulia na kushonea cha Hospitali ya Misheni ya Matlapeng. Aliajiriwa kibarua wa miezi mitatu, kuosha mashuka. Mwenyewe husema miezi ile bado haijaisha.

Hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Cherehani ameihamisha kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi penye mapipa, mpaka sakafu imekwaruzika kila pembe. Ukimwuliza kulikoni, anakujibu, "Mwanga umehama." Chai huinywa amesimama. Mimi, Letsholo wa pasi, nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa na sijamwona akimaliza kikombe.

Kazi yake ilikuwa kuziba matundu ya mashuka. Lakini tangu mwaka wa pili alianza kuyaziba kwa namna yake: penye tundu pakaota ua, pembe za ng'ombe, au kanga mwenye madoadoa, kwa nyuzi za rangi zilizobaki kwenye sare. Kisa chake ni mama mmoja aliyefika kulazwa amependeza, shali begani, akavuliwa vyote na kuvalishwa gauni la hospitali. "Alipotoka na gauni lile, hata dada yake alimpita bila kumtambua," Mma Seribe alitusimulia. "Nikajiuliza, yule mtu amebaki wapi? Kwenye shali?" Swali hilo hakuliacha, nalo halikumwacha.

Mwaka 2008 tulipata muuguzi mkuu mpya, Mma Kgosietsile, ambaye naye sasa ni mstaafu na ameniruhusu kusimulia haya. Alikuja na utaratibu, na utaratibu ulitufaa. Ila hakupenda mapambo.

"Shuka ni shuka, Mma," alisema mbele yetu sote. "Kiraka cheupe kwenye shuka jeupe. Hapa si harusini."

"Sawa, Mma. Lakini mtu analala wiki tatu anakitazama hicho kiraka."

"Alale apone. Hakuja kutazama."

Mma Seribe aliendelea kushona ndege. Alionywa mara mbili, na mara ya tatu akatolewa kwenye cherehani, akawekwa kukunja taulo. Alikunja kwa miezi minane. Wengine tulitaka kwenda kumtetea, akatukataza. Kilichomsumbua hakikuwa taulo. "Letsholo," aliniambia siku moja, "nawashonea wagonjwa au nashona ili nionekane nipo? Maana hawanijui. Wanakufa hawanijui." Nilikuwa na pasi ya moto mkononi, nikaendelea kunyoosha sare.

Ndipo akalazwa wadi ya wanaume Rra Modiega, mwalimu mzee aliyepooza upande mmoja. Maneno yalikuwa yamempotea, na wanawe aliwatazama kama wapita njia. Siku nzima kidole chake kilipapasa kanga aliyeshonwa kwenye ukingo wa shuka la zamani. Siku ya kubadilisha mashuka, walipolichukua, mzee alilia machozi. Akapewa jingine, akalitupa. Jingine, akalitupa.

Asubuhi hiyo Mma Kgosietsile alishuka mwenyewe kwenye chumba cha kufulia, kofia imemkaa upande.

"Mma Seribe, yule ndege yuko wapi?"

"Ndege gani, Mma? Si uliagiza wafukuzwe?"

"Acha utani. Mzee analia."

Utani ukaisha papo hapo. Wanawake hao wawili walipiga magoti wakachakura makapu ya nguo chafu, bila glavu, mpaka wakampata. Mma Seribe alilifua shuka kwa mkono, nami nikalikausha kwa pasi. Mzee alipolipata, kidole kikarudi mahali pake.

Ningependa kuandika kwamba alisema neno. Hakusema. Alifariki baada ya siku kumi na moja. Keshokutwa yake Mma Seribe alirudishwa kwenye cherehani, kwa sharti moja: ndege wawe wadogo. Tulimpongeza, akatukatiza. "Mnajuaje kwamba alimpenda ndege? Huenda aliupenda uzi tu, kwa kuwa unakwaruza." Kisha akakaa akashona viraka saba bila kuinua kichwa, na vyote vilikuwa vizuri kuliko vilivyohitaji kuwa.

Tangu hapo amewafundisha ushonaji watu sita, na sare zote za wauguzi mnazoziona leo ni kazi ya mikono yake.

Mwezi uliopita alichukua likizo, akaenda shambani kulima. Siku ya tatu nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa wa nje, mzima kabisa.

"Mma, unaumwa?"

"Hapana. Nataka kujua nikitoka langoni nitaitwa nani."

"Si utaitwa Tshenolo?"

"Huyo simjui vizuri," alisema. "Mara ya mwisho nilimwona ana miaka ishirini na sita."

Kisha alicheka, lakini mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kushika.

Mma Seribe, tunakushukuru. Wastaafu wengine tunawatakia mapumziko. Wewe hatuthubutu, utatukasirikia. Tunakutakia afya, mvua za kutosha Matlapeng, na siku ndefu zisizo na kengele. Na ukikutana na Tshenolo, mpe kiti, hata kama hatakikalia. Mwambie kwamba sisi tulimfahamu muda wote.