Mama Chupa: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kupima Kabla ya Kunywa

Ifikapo tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa Idara ya Maji ya dayosisi yetu atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini, na jioni ya siku hiyo atakabidhi meza yake na kustaafu. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachopewa leo. Hapa tutamwita kama anavyoitwa kila mahali penye pampu yetu: Mama Chupa.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, mtunza stoo wa idara, niandike wasifu huu. Nilijitetea kwamba elimu yangu ni ya darasa la saba na mwandiko wangu ni wa daftari la vipuri. Wakasema unatosha. Mama Chupa aliposikia alinipitia stoo, akaniambia sharti lake ni moja tu: habari ya maji ya kijani isiachwe. Wajumbe wawili walikuwa wameshauri iachwe, kwa kuwa leo ni siku ya furaha. Yeye akasema ikiachwa hiyo, na wasifu wenyewe uachwe. Kwa hiyo mtaisoma.

Alifika kwetu kutoka ng'ambo akiwa na miaka ishirini na tisa, mkono mmoja kambeba mwanawe wa kwanza, mkono mwingine sanduku la bati lililojaa chupa ndogo za kioo. Mumewe, Mchungaji, alikuwa ameitwa na usharika kuhubiri na kufundisha kipaimara. Yeye mwenyewe alikuwa mhandisi wa maji, jambo ambalo wengi wetu hatukulielewa kwa mwaka mzima. Tulidhani ni mke wa mchungaji mwenye mapenzi ya ajabu na visima. Wazee wa kanisa walipomkabidhi Mchungaji ramani ya visima, Mchungaji aliipitisha kwa mkewe bila hata kuikunjua. Wazee wakaangaliana. Mpaka leo wakikumbuka huangaliana, ila sasa kwa kucheka.

Nyumba yao ya misheni ilikuwa na vyumba vitatu, veranda yenye wavu wa mbu na jokofu moja la mafuta ya taa. Rafu ya juu ya jokofu ilikuwa ya maziwa ya watoto, ya chini ilikuwa ya sampuli za maji. Kila chupa ilibandikwa karatasi yenye tarehe, jina la kisima na neno USINYWE. Watoto wao watatu walijifunza kusoma kwa neno hilo. Kitinda mimba wao aliwahi kulibandika kwenye chupa ya juisi yake ili kaka zake wasiiguse. Mama mtu kwa haraka zake akaibeba pamoja na nyingine hadi maabara, na majibu yakarudi kwamba kisima hicho kina sukari kupita kiasi.

Kulikuwa pia na lile sanduku la mbao lenye taa ndani, la kutunzia sahani za vipimo zisipoe, ili vijidudu vikiwepo viote na kuonekana kama madoa mekundu. Waya wa umeme wa jua ulifika chumba cha kulala tu, basi sanduku likakaa chini ya kitanda. Mchungaji alilalamika mbele ya usharika mzima, akiwa mimbarani: "Wenzangu mnalala na wake zenu. Mimi nalala na mke na vijidudu vya vijiji vitano." Mama Chupa, aliyekuwa ameketi benchi la tatu, alimjibu kutoka pale pale kwamba vijidudu angalau havikoromi.

Haya, tuje kwenye maji ya kijani.

Mwaka wa nne alichimba kisima cha pampu ya mkono kwenye uwanja wa kanisa. Askofu wa wakati ule alikuja, kisima kikawekwa wakfu, tukaimba, tukanywa. Kisima kilikuwa bado hakijapimwa, lakini tarehe ya Askofu ilikuwa imeshapangwa na maji yalikuwa maangavu, ukiyatazama unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Haikupita miezi miwili, watoto wakaanza kuharisha. Mama Chupa akaitisha semina ya akina mama kuhusu usafi wa vyombo. Akainua ndoo moja ya njano yenye utelezi kwenye mshono wa chini, akasema adui wa watoto wetu ndiye huyu.

Ndoo ile ilikuwa yangu. Mwanangu wa kwanza alikuwa ametoka zahanati asubuhi hiyo hiyo, baada ya kulazwa siku nne na dripu mkononi. Akina mama wote wakanigeukia. Niliichukua ndoo yangu nikaenda nyumbani bila kusema neno, na wanaonijua wanajua kwamba nikinyamaza ni hatari kuliko nikifoka.

Tukasugua ndoo mpaka zikapauka. Watoto wakaendelea kuumwa. Hapo ndipo Mama Chupa alipokipima kisima chenyewe, na sahani ikatoka imejaa madoa kama mtoto mwenye surua. Uchafu unatoka wapi? Shimo la choo la nyumba ya misheni lilikuwa mbali, hatua zaidi ya sitini, amezipima kwa miguu yake. Hata hivyo aliamua kuanza kushuku nyumbani kwake. Jumatano moja alichukua kopo la unga mwekundu, usio na madhara kwa mtu, ambao ukigusa maji huyageuza kijani kibichi. Akaumimina chooni kwake na kuvuta maji. Kisha akaifunga pampu kwa kufuli na kutundika tangazo. Alimwambia mumewe kwamba kama kuna njia ya chini kwa chini, rangi itachukua wiki mbili kufika kisimani, kama itafika.

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba kufuli lile lilitoka stoo ya kanisa, na kila kufuli la stoo ya kanisa lilikuwa na ufunguo wa pili kwa mzee mmoja wa kanisa tuliyemwita Mzee Funguo. Jumapili hiyo kulikuwa na ubatizo. Mzee Funguo aliliona tangazo, akaona halimhusu, maana ubatizo ni kazi ya Mungu. Akateka maji alfajiri kabla hakujapambazuka, akayamimina kwenye beseni jeupe, akalifunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

Mtoto wa kubatizwa alikuwa binti yangu, wa miezi mitatu. Mchungaji alimpokea mikononi, kwaya ikaanza ubeti wa pili, akafunua kitambaa. Maji yalikuwa ya kijani kama majani ya mgomba baada ya mvua. Kwaya ilikatika katikati ya neno. Mwanamke mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Sasa huyu mtoto anabatizwa au anapakwa rangi?"

Mama Chupa angeweza kukaa kimya. Mchungaji angesema neno, beseni lingeondolewa, na jioni tungebuni sababu zetu wenyewe. Lakini alisimama, kitinda mimba wake ubavuni, uso umemwiva. "Hayo maji yametoka chooni kwangu," alisema. "Ndoo zenu zilikuwa safi. Aliyewaumiza watoto ni mimi, niliyewanywesha kabla ya kupima." Kisha akanigeukia mimi, nikiwa pale mbele na kanga ya mtoto begani, akasema, "Mama, nilikuaibisha mbele za watu. Nami nakuomba msamaha mbele za watu."

Sikumjibu. Nalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe ametaka ukweli, na ukweli una pande mbili.

Mzee Funguo alipoulizwa kuhusu choo, alieleza bila wasiwasi kwamba nyumba ya misheni ina shimo la zamani, lililofukiwa chini ya bustani ya mboga, na bomba la choo linavuja humo mpaka leo. Analijua vizuri, alilichimba mwenyewe akiwa kijana. Shimo hilo lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kisimani. Wakamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akashangaa kweli. "Nani aliniuliza? Mliiuliza ramani." Binti yangu alibatizwa karibu saa saba mchana kwa maji ya mvua yaliyochemshwa kwenye birika, akilia kwa njaa, na jina la utani alilotoka nalo mlango wa kanisa ni Kijani.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi. Vijiji viwili vilikataa visima vyetu kabisa. Watu walirudi mtoni. Barua ilikuja kutoka misheni ya ng'ambo iliyowatuma, ikiwapa ruhusa ya kuhamia kituo kingine, kimyakimya, bila lawama. Mchungaji alimwachia mkewe aamue. Mama Chupa alijibu kwamba hahami kituo akiacha watu wake mtoni. Alifukua shimo la zamani yeye na mafundi, akahamisha kisima upande wa juu wa uwanja. Kwangu alikuja na ndoo mpya, ya njano kama ile ya zamani. Nikaitoa nje ya geti. Akaja nayo tena, nikaitoa tena. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu, akanikuta nachambua mchele, akavuta kigoda, akavuta na upande wake wa ungo. Tulichambua mchele wote bila maneno. Alipoondoka nilimwambia ndoo anaweza kuileta kesho.

Katika jambo hilo ilizaliwa kanuni ambayo idara yetu inajulikana nayo. Kisima hakifunguliwi mpaka chupa tatu zitoke safi mfululizo, mwezi baada ya mwezi. Kufuli ni moja na ufunguo ni mmoja. Haukai kwa askofu, wala kwa mchungaji, wala kwa mgeni wa heshima. Unakaa mfukoni mwa anayepima. Mzee Funguo alisalimisha funguo zake za pili mbele ya usharika, zote kumi na nne, huku akilalamika kwamba sasa jina lake litabaki bila kazi. Na kabla ya kuchimba popote, kwanza anatafutwa mkazi wa siku nyingi kuliko wote, anaulizwa: hapa kulikuwa na nini zamani?

Kwa kanuni hiyo Mama Chupa amefungua visima mia mbili na kumi na vinne, na mabomba ya mserereko kumi na tisa yanayoleta maji kutoka milimani. Amefunga visima tisa, vitatu kati yake huku watu wakimtukana. Amefundisha mafundi arobaini na wawili, kumi na saba kati yao wanawake. Wa mwisho kati yao, anayekalia kiti chake kuanzia Julai mosi, mnamjua. Ni Kijani.

Sasa tazameni ratiba yenu. Kipengele cha sita, "Mstaafu kufungua kisima cha 215," kimefutwa kwa mstari wa kalamu. Hakuna aliyekosea kuchapa. Kisima hicho, hapo nje ya ukumbi, Mama Chupa alikipigania miaka mitano, na alitamani kunywa kikombe chake cha kwanza kabla hajaondoka. Chupa ya kwanza ilitoka safi. Ya pili ilitoka safi. Jumanne iliyopita ya tatu ilitoka na madoa saba, na Kijani akakataa kufungua.

Kamati ilimwendea. Walimwambia wageni wanatoka mbali, kibao cha ukumbusho kimeshachongwa, afungue kwa leo tu, watu wanywe kidogo. Mwenyekiti alimbembeleza kwa upole wa baba: "Binti yangu, wageni watakunywa nini?" Kijani akamjibu, kwa heshima zote, "Soda, baba." Ndipo wakakimbilia kwa Mama Chupa, wakiamini mwalimu atamlainisha mwanafunzi wake.

Nilikuwepo. Alikuwa anafunga vitabu kwenye maboksi. Aliomba aione sahani, akavaa miwani, akahesabu madoa, akayahesabu tena. Nilijua anaaga nini, maana ndege yao ni Alhamisi, na vipimo vipya ni miezi mitatu. Kisha akamuuliza Kijani ufunguo uko wapi. Kijani akasema uko mfukoni. "Basi," akasema Mama Chupa, akarudi kufunga vitabu vyake. Ila alikuwa anaimba.

Mama Chupa anaondoka na Mchungaji kurudi kwao kumtunza mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka tisini na miwili. Dayosisi inamshukuru. Akina mama wa usharika wanamshukuru. Mimi namshukuru kwa mambo mengi, na kwa lile la beseni kuliko yote.

Dada yangu, chupa ya tatu ikitoka safi utapigiwa simu, hata kama huko kwenu mmelala. Kijani atajaza kikombe chako, nasi tutakunywa kwa niaba yako. Mungu akupe huko siku nyingi za kupumzika, mwili wenye nguvu, na maji usiyolazimika kuyapima. Nanyi wageni mnaoingia ukumbini, naweni mikono bila wasiwasi. Ndoo ya njano mlangoni ni ile aliyoniletea. Maji yake yamepimwa.