Dada Mizani na Shairi la Kufuli

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Dada Mizani, alizaliwa tarehe 9 Mei 1994, kifungua mimba wa fundi cherehani na mwalimu wa chekechea. Jina hilo alibandikwa na mdogo wake wa kiume, anayesoma wasifu huu, kwa kuwa alihesabu mizani za kila neno kwa vidole. Siku moja mama alimwambia, "Nenda kalete sukari."

"Mama, hiyo mizani nane kamili!"

"Sukari, wewe!"

Alirudi na chumvi.

Mwaka 2014 aliingia chuoni, akaanzisha chama cha washairi chipukizi. Kila Ijumaa alasiri walikutana chumba namba sita, karibu na stoo ya viti. Kila mmoja alitumbukiza shairi lisilo na jina katika kopo la biskuti, kisha akachomoa la mwenzake na kulisoma amesimama. Kuuliza ni la nani kulikuwa mwiko.

Aprili 2016 bweni la wasichana liliungua, mlango ukiwa na kufuli kwa nje. Wawili walifariki, na wanafunzi wakaonywa wasilizungumzie. Ijumaa ya tarehe 20 Mei, Dada Mizani alichomoa shairi lililouliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Alilitazama kitambo, akalisoma lote. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu mkuu wa chuo alimwita. "Nani kaandika?"

"Nimesoma mimi. Andikeni ni langu."

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Mwandishi hakujitokeza.

Alipata kazi ya kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji, na washairi vijana waliendelea kumfuata huko Jumamosi. Lakini hofu ilihamia nyumbani. Kwa miaka miwili mtu alipiga simu, akauliza tu, "Bado anaandika?" na kukata. Marehemu alibadilisha kitasa mara mbili, na hakukaa tena akiupa mlango mgongo. Mama alisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mdogo wake aliposikia hivyo alitoka nje.

Mwaka 2019 aliolewa na fundi umeme, wakajaliwa binti mmoja. Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa mbili asubuhi. Ameacha mama, mume, binti na mdogo wake mmoja.

Maneno yanayofuata hayamo katika karatasi mlizopewa. Mdogo wake ameyaandika leo, na aliyekuwa mkuu wa chuo ameketi safu ya pili. Shairi lile aliliandika yeye, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni humo na mwanachama wa chama cha dada yake. Dada aliutambua mwandiko alipolikunjua, na bado akalisoma. Kila alipotaka kusema ukweli, dada alimkatiza: "Nyamaza, we mtoto. Wameshanifukuza mimi, wakufukuze na wewe ili iweje?" Akanyamaza kwa woga, akauita utii. Hata sasa anaogopa.

Dada apumzike. Mwenye shairi amesimama hapa.