Honi Tatu kwenye Daraja la Kingi

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka ishirini na mbili ya kufuatilia mikopo, Papa Philippe Mumbere anarudisha ufunguo wa moto, pikipiki yetu ya kazi, na kustaafu. Alipoingia katika ushirika wetu wa akiba na mikopo hapa Masisi alikuwa na nywele nyingi na maneno machache. Nywele zimekwenda zake. Maneno, kama wote mjuavyo, yamejaza nafasi yake.

Alitoka Butembo, kwenye familia ya maduka na malori, na angeweza kukaa nyuma ya kaunta ya baba yake akiuza vitenge hadi leo. Akachagua kazi ya kutembelea watu wasiotaka kutembelewa. Sisi wa ofisini tulijua madeni kwa karatasi. Yeye aliyajua kwa matope, kuanzia vilima vya Rubaya hadi Kalembe, pale Masisi inapokutana na Walikale, na alirudi jioni na buti ambazo mama wa usafi alimkataza kuingia nazo.

Visa vyake ni vingi, na vingine hata yeye hakumbuki vizuri, ila anavisimulia tu. Kule Rubaya mchimbaji mmoja alitaka kuandika kwamba atalipa shimo lake likitoa mali. Papa Mumbere akamrudishia kalamu ya kutia saini. “Shimo haiwezi kuweka sinyatire,” akamwambia. “Sema kile wewe uko nacho.” Kule Kalembe, Papa Jules mwenye duka alijificha nyuma ya magunia ya mihogo, simu yake ikamsaliti kwa kulia humo humo. Papa Mumbere hakuinua gunia hata moja. Aliketi, akayasalimia magunia, akayauliza habari ya biashara, na baada ya muda magunia yakaanza kujibu. Waliagana wamekubaliana kiasi cha kila wiki, na Papa Jules anakicheka kisa hicho kuliko sisi.

Lakini jambo tutakalolikosa zaidi ni honi. Kila alipokaribia kijiji, Papa Mumbere alisimamisha moto mbali, akapiga honi tatu ndefu, akangoja kidogo, ndipo akaendelea. Wageni katika kazi hii walishangaa: mtu anayefuata wadeni anawezaje kuwatangazia kwamba anakuja? Mimi ninayeandika haya nilikuwa wa kwanza kumcheka, na leo ninaomba nafasi ya kueleza honi hizo zilianzia wapi.

Zilianzia Kingi, kwa Mama Geneviève. Alikuwa amekopa dola mia moja na arobaini za mbegu ya maharagi, akaweka rehani shamba lake, shamba hilo moja lililolisha watoto wake wanne. Barabara ikafungwa msimu ule, mavuno yakaozea nyumbani, na tarehe ya kulipa ikapita. Papa Mumbere, ambaye alikuwa na miezi mitano tu kazini na hamu kubwa ya kusifiwa, alizima moto juu ya mteremko, akashuka kimya ili asimkose. Hakumkosa. Alimkuta na wageni waliokuja kumposa binti yake, Astrid. Akafungua daftari pale pale, amesimama, akasoma deni lote kwa sauti mbele yao.

Wageni walimaliza vinywaji vyao kwa adabu, wakaondoka, na hawakurudi tena. Papa Mumbere alikwenda mwenyewe nyumbani kwao kuomba radhi, akapokelewa vizuri, akasindikizwa vizuri, na haikubadilisha kitu. Astrid aliolewa baadaye kwingine, upande wa Walikale. Ni deni ambalo Papa Mumbere anasema hakuwahi kupata wa kumlipa.

Tangu siku hiyo, Mama Geneviève akisikia moto tu, alipanda kilimani kujificha kwenye migomba. Barua zilirudi bila kufunguliwa. Kamati ya mikopo ikachoka, ikaamua: pasipopatikana mapatano ya maandishi kufikia mwisho wa mwezi, shamba liuzwe. Mnunuzi alikuwa tayari, na barua ya onyo la mwisho niliipiga chapa mimi, kwa vidole hivi, nikiona ni haki.

Hapo ndipo Papa Mumbere alipoanza kupiga honi kwenye daraja la Kingi. Mara ya kwanza, mama akakimbia. Mara ya pili, akakimbia. Mara ya tatu, mama hakuwepo tena, na jirani akampa Papa Mumbere maji ya kunywa na pole. Nilimwambia anatupotezea petroli. Alinijibu bila hasira: “Kasoki, bantu ba huku bamekimbia vita ya kutosha. Ule anataka kunikimbia mimi, akimbie pole pole.”

Mara ya nne zilibaki siku mbili. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kwenye moto, nimetumwa na kamati kushuhudia kwamba mdeni hapatikani. Akapiga honi tatu, tukangoja, tukavuka. Mama Geneviève alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, na kando yake viti viwili vitupu, vimepanguswa.

“Ile siku ulikuja kimya,” akamwambia, “sikupata hata wakati ya kukupa kiti. Leo nimesikia honi, nikatosha viti ndani, nikaleta inje. Sasa ikala, tuseme.”

Tukaketi, wakasema. Siko na yote, mama alisema, niko na dola kumi kila mwezi, na maharagi ikivunwa nitaongeza. Papa Mumbere aliandika hivyo hivyo, hakuongeza hata dola moja ili karatasi ipendeze, akamwachia nakala yake. Kisha alirudi kwenye kamati na kumsemea kana kwamba deni ni la dada yake, hadi faini ya kuchelewa ikafutwa. Barua yangu niliichana mwenyewe. Niliona haya siku ile, na bado ninaona.

Mama Geneviève alimaliza kulipa katika miezi kumi na mitatu. Shamba halikuuzwa. Maharagi mtakayokula leo baada ya hotuba yametoka humo, na mwenyewe ameketi mstari wa pili, kwa hiyo msiache kitu kwenye sahani.

Ofisi yetu ilipofungwa miezi mingi kwa sababu ya vita, kisha ikafunguliwa, tulidhani hakuna atakayerudi. Asubuhi ya kwanza watu walijaa uani, wengi mikono mitupu, wakiuliza Papa Mumbere iko wapi, walikuwa na neno la kumwambia. Katika miaka yangu yote hapa sijaona siku nzuri kama ile.

Papa Mumbere, asante kwa miaka hii, na kwa kutufundisha kuvuka daraja. Nenda Butembo ukapumzike na mke wako, Mama Kaswera, ambaye amekungoja kwa subira kubwa kuliko kamati yoyote. Mungu akupe afya, usingizi, na wajukuu wenye kelele. Na siku utakapotukumbuka ukapita huku, usije kimya. Piga honi darajani, tutoe kiti.