Verlene Tarver, Mhandisi wa Chombo Kilichobeba Darubini

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Alvin Oglesby, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Dada yetu Verlene alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, huko Courtland, Alabama, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Ezell Oglesby na mkewe Bi. Odessa, akasoma shule ya watoto weusi ya hapo Courtland, kisha akaingia Chuo cha Alabama A&M, alikohitimu hisabati mwaka 1968.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni moja ya vyombo vya angani hapa Huntsville, na tarehe 5 Juni 1971 akafunga ndoa na Roscoe Tarver, mwalimu wa tarumbeta, wakajaliwa watoto wawili, Yolanda na Quentin.

Mwaka 1979 alikabidhiwa uongozi wa kubuni fremu na mabawa ya umeme wa jua ya chombo cha kubeba darubini kuizunguka dunia, kazi ngumu, kwa maana chombo hicho kingetoka juani na kuingia kivulini mara nyingi kwa siku, kikipata moto na baridi, ilhali darubini haikupaswa kutikisika hata kidogo, la sivyo kila nyota ingeonekana kama doa lililopakazwa.

Mwezi Oktoba 1984, chombo kikiwa kimekwisha kuunganishwa, marehemu aligundua kwamba katika hesabu zake alichukulia mabawa yanapata joto sawasawa pande zote, kumbe upande wa juani hutanuka kwanza, bawa likapinda, kisha likafyatuka na kukitikisa chombo kizima, akasimama kikaoni na kusema kosa ni lake.

Mkuu wa mradi, Bw. Stroud, akamwambia, “Bi. Tarver, ungenyamaza, hakuna ambaye angejua kabla hatujarusha.”

Dada akamjibu, “Na tukisharusha, nani atapanda huko juu kulirekebisha?”

Alivuliwa uongozi wiki hiyohiyo, na wako waliosema chinichini kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke mweusi kazi kubwa, maneno yaliyomliza nyumbani kwa mama, lakini kesho yake alirudi kazini, na chini ya mkubwa mpya akabuni mikono ya mabawa iliyofunikwa kuzuia jua, yenye viungo vinavyoteleza taratibu pasipo kufyatuka.

Chombo kilirushwa mwezi Mei 1987, na picha ya kwanza ilipofika, nyota ilikuwa nukta moja, imetulia tuli, ingawa hadi anastaafu mwaka 2008 marehemu alikuwa hajarudishiwa cheo chake, naye hakukidai.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akaivumilia bila manung'uniko, akiendelea kuwafundisha hesabu vijana wa kanisa hili mpaka sauti ilipomwishia, na tarehe 9 Februari 2021, Yolanda akiwa amemshika mkono, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Mtaa wa Pulaski waliotuletea chakula bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake waliokuja leo, tukiwaomba mkikosea msifiche, maana ndivyo alivyotulea.

Dada Verlene, kazi umeimaliza, lala salama mikononi mwa Bwana.